Siku Tisa Bila Hodi

Hodi hutangulia bei. Naam, mimi ndiye niliyeyasema hayo jana, nimesimama mlangoni na sinia la vikombe mkononi, wala sijuti. Washenga wamekuja kumposa dada yenu Siwema, hata maji ya kunywa hawajapewa, baba yenu keshauliza watatoa ngapi, na wao wakaanza kutaja. Siwema mwenyewe hakuna aliyemwuliza kitu. Nikasema maneno yangu matatu, nikaweka sinia, nikarudi jikoni. Sasa leo mmenifuata huku uani, wewe Tausi na wewe Hamduni, mnataka kujua nimeyatoa wapi. Kaeni basi. Lakini hapa hakai mtu bure. Mchele huu una mawe, chukueni ungo mnisaidie kuchagua, na atakayenikatiza nitampa na kunde.

Methali yenyewe ilizaliwa namna hii.

Zamani palikuwa na nchi mbili zilizopakana, Ulembwa na Gendwa. Msizitafute kwenye ramani ya shule, hamtaziona. Nilisimuliwa na bibi yangu, naye alisimuliwa na wake, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko. Ulembwa ilikuwa nchi ya tambarare, nchi ya wafugaji. Gendwa ilikuwa nchi ya milima, na watu wake walikuwa wengi kuliko mahali pa kuwaweka.

Mwaka huo sotoka iliingia Ulembwa. Ng'ombe walikufa hata fisi wakashiba wakaacha. Na mfugaji akiondokewa na ng'ombe amebaki na nini? Watoto waliozoea kulala na maziwa wakawa wanalala na maji. Huko Gendwa nako mvua zilipita kiasi, milima ikawa inaporomoka na mashamba, na nyumba, na waliolala ndani. Ng'ombe walikuwa nao, nafaka walikuwa nayo, ila ardhi ya kukanyaga ndiyo iliyowapungukia. Kwa hiyo, wajukuu zangu, msije mkasema huyu alikuwa mbaya na yule mwema. Wote walikuwa na shida, na shida zao zilikuwa za kweli.

Katikati yao palikuwa na bonde likiitwa Sangweli. Lilikuwa mali ya Ulembwa, udongo wake mweusi, mto unapita. Lakini halikuwa na watu tena. Miaka saba nyuma iliwahi kupita njaa kubwa, mto ukakauka, watu wakahama wote wasirudi. Ndivyo wakubwa walivyoamini. Mfalme wa Gendwa akapeleka neno: tuuzieni Sangweli. Mfalme wa Ulembwa akajibu: leteni mtu tuseme naye.

Gendwa ikamtuma Mzee Shekuwe. Huyo alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye subira ya ajabu. Walisema angeweza kungoja maji ya mtungi yajichemshe. Ulembwa ikamtuma Mzee Lutamla, mrefu, mkavu, mwenye haraka, na safari hii haraka yake ilikuwa na sababu, maana kila siku aliyochelewa kulikuwa na mtoto anazikwa kwao. Walifahamiana tangu ujana. Walikuwa wamekwisha kukutana mara nyingi kuzungumzia malisho na visima, na kila mmoja aliijua mikono ya mwenzake.

Nimesema mikono, na nina maana. Nchi zile zilikuwa na desturi yao ya kupatana bei. Hawakusema. Wawili walikaa mkekani wakashikana mikono, wakafunikwa shuka mpaka viwikoni, na mazungumzo yote yakafanywa na vidole. Ukishika kidole kimoja umetaja ng'ombe mia. Ukishika nusu yake umetaja hamsini. Ukikunwa kiganja umekataliwa. Waliamini kwamba bei ikishatoka mdomoni vijana wataidaka na kuigombania, lakini bei ya vidole hufia hukohuko chini ya shuka, hakuna aliyeaibika. Sharti jingine ni kwamba wakae palepale kwenye ardhi inayouzwa, si ikulu wala sokoni, ili kila mmoja akione kwa macho anachokitoa na anachokipata. Na mpaka shuka lifunuliwe, hakuna mfuasi aliyeruhusiwa kumwambia mtu wa njiani kinachoendelea.

Basi wakafika Sangweli asubuhi moja, kila mjumbe na watu wake wachache. Wakasimamisha kibanda cha matete karibu na mto. Hatua hamsini kutoka pale palikuwa na nyumba.

Waliiona. Msidhani hawakuiona. Ilikuwa nyumba ndogo ya nyasi, imefagiliwa uwanja, kuku wawili wanatembea. Mzee Lutamla akawaza moyoni, Shekuwe ndiye mgeni, na mgeni ndiye apigaye hodi. Mzee Shekuwe naye akawaza, Lutamla ndiye mwenye nchi, atanipeleka mlangoni anitambulishe. Kila mmoja akamngoja mwenzake. Jua likapanda, mkeka ukatandikwa, shuka likaletwa, wakaanza kazi. Hata nyie ndivyo mnavyofanya mkifika kwa shangazi yenu, mnasukumana pale nje, anza wewe, anza wewe, mpaka mbwa anawaona.

Ndani ya nyumba ile alikaa mwanamke mmoja peke yake. Aliitwa Mama Kabula. Umri wake haukuwa mkubwa sana, labda kama wa mama yenu, ila upweke ulikuwa umemkausha. Alipochungulia akaona watu wazima wawili wamekaa chini, wameshikana mikono ndani ya shuka, kimya, mara mmoja anavuta pumzi, mara mwingine anatikisa kichwa, macho mekundu. Yalikuwa mekundu kwa vumbi, lakini yeye angejuaje? Desturi ile ya shuka ilikuwa ya wakubwa, watu wa kawaida hawakuwahi kuiona. Akawaza, hawa ni ndugu. Wamegombana, labda urithi wa baba yao, na leo wamekuja mahali pasipo na watu wapatane. Masikini, wanaona haya hata kusema.

Mnajua wanavyosema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Yeye hakuchukua jembe. Alichukua unga wa ulezi, akapika uji.

Akawapelekea kibandani, kata mbili, akapiga magoti akawaamkia. "Kunyweni baba zangu. Mambo haya ni mazito, hayataki tumbo tupu." Wakapokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umo kazini, wakaomba radhi kwa hilo. Wakamwuliza jina. Akasema, mimi ni Mama Kabula. Wakasema, ahsante sana Mama Kabula. Kisha akarudi kwake.

Siku ya pili akaleta tena. Siku ya tatu, tena. Kila asubuhi uji, na siku moja alitia na ukwaju. Mzee Shekuwe akawa hawezi kuanza kazi kabla ya uji ule. "Umeamkaje Mama Kabula?" "Nimeamka salama, baba. Mmefika wapi?" "Tunakwenda, tunakwenda." Naye hurudi nyumbani amefurahi, akiwaza kwamba leo yule mrefu amelegea kidogo usoni.

Akifika hapa bibi yangu alikuwa ananyamaza, anatutazama. Nami nitawatazama. Mmeona walichosahau? Hapana, Hamduni, si shukrani, walimshukuru vizuri sana. Chagua mchele, utaona.

Chini ya shuka kazi ilikuwa ngumu. Shekuwe alianza na vidole viwili. Lutamla akakuna. Lutamla akashika vidole vitano, kisha vinne tena, yaani mia tisa. Shekuwe akakuna taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Walipanda, walishuka, siku tatu walisimama palepale kwenye nusu kidole. Kuna siku Lutamla aliupata mkono wa mwenzake ukitetemeka, akajua Gendwa nako kumeporomoka mlima mwingine. Kuna siku Shekuwe aliuhisi mkono wa Lutamla umelegea, hauna hata nguvu ya kukataa, akajua amepata habari za kwao. Siku hiyo Shekuwe angeweza kumnyonya. Hakumnyonya. Aliushika tu mkono ule mpaka jua likageuka, na bei ikalala pale ilipokuwa.

Siku ya kumi asubuhi wakakubaliana. Ng'ombe mia sita, na bonde zima likabidhiwe Gendwa likiwa tupu kabla ya mvua za masika. Wakaifunua mikono, wafuasi wakapiga makofi, na Mama Kabula akawa anafika na chungu chake kichwani.

"Mmepatana, baba zangu?"

"Tumepatana, Mama Kabula," akasema Mzee Shekuwe.

Alitua chungu akapiga vigelegele peke yake, mpaka kuku wakakimbia. "Nilijua. Siku tisa nimewaombea. Damu haiachani. Sasa kama si vibaya, mligombania nini?"

Mzee Lutamla akakohoa. "Mama, sisi si ndugu."

"Si ndugu?"

"Mimi ni mjumbe wa Ulembwa. Mwenzangu huyu ni mjumbe wa Gendwa. Tulikuwa tunauziana."

"Mlikuwa mnauziana nini siku zote hizo?"

Mzee Shekuwe akatazama chini. Mama Kabula akayafuata macho yake, akatazama udongo, akatazama mto, kisha akageuka akatazama nyumba yake.

"Hapa?"

"Hapa, mama. Kuanzia mtoni hadi kilima kile."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba imo ndani ya bonde," akasema Mzee Lutamla, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Utapewa mahali pengine. Pazuri."

Mama Kabula hakulia wala hakutukana. Akawachotea uji, kata ya kwanza kwa mmoja, ya pili kwa mwenzake. "Kunyweni, utapoa," akasema. Akaenda zake.

Kesho yake uji haukuja.

Wafuasi wa Lutamla walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Kilichobaki kilikuwa jambo dogo: mwuzaji achukue bonge la udongo wa ardhi ile, alitie mkononi mwa mnunuzi, biashara ikamilike. Lutamla akainama, achukue la palepale miguuni pake. Shekuwe akarudisha mikono nyuma.

"Sitalipokea."

"Kwa nini? Tumepatana."

"Nimekunywa uji wa yule mama siku kumi. Nikiondoka na udongo wake hivi, mimi na mwizi tuna tofauti gani?"

"Ndugu yangu, kwetu wanazika. Unanijua. Kila siku ninayokaa hapa, kwetu wanazika."

"Ninajua. Nimeushika mkono wako siku tisa, ninajua. Twende tukambishie hodi, kisha tutaondoka."

Wakaenda. Na safari hii hakuna aliyemngoja mwenzake, walipiga hodi pamoja. Kimya. Wakapiga ya pili, wakapiga ya tatu. Ndani walimsikia akisogeza mafiga, wakamsikia akikohoa, na wala hakujificha kukohoa. Lakini hakuitikia. Na hodi ikishafika tatu bila karibu, mtu mwenye adabu hugeuka, awe nani. Wakageuka.

Siku ya pili, vilevile. Kijana mmoja wa Lutamla akasema, mlango wenyewe ni wa matete, tuusukume tu, bonde limeshauzwa. Mzee Lutamla alimtazama kijana yule mpaka akaomba radhi. Lakini moyoni mwake Lutamla alikuwa anaungua. Alikaa kibandani, hakula, akihesabu siku za njia ya kurudi kwao. Na alipokuwa anahesabu, jambo moja likamjia, akauliza polepole.

"Shekuwe. Hivi Kabula yuko wapi?"

Mzee Shekuwe akamgeukia. "Sijawahi kumwuliza."

"Wala mimi. Siku tisa tunamwita Mama Kabula, Mama Kabula. Hatujamwuliza mtoto yuko wapi."

Wakatazamana wazee wale wawili, watu waliokwisha kuzungumza na wafalme. Wakaona aibu.

Siku ya tatu wakasimama mlangoni mapema. Mzee Lutamla akavua viatu. "Hodi, Mama Kabula. Leo hatukuja kwa habari za bonde. Tumekuja kumjulia hali Kabula."

Ndani ikasikika, "Karibuni."

Hakuwakaribisha viti. Aliwapitisha ndani moja kwa moja hadi mlango wa nyuma, akawatoa uani. Pale, chini ya ukuta, palikuwa na kaburi fupi, limezungushiwa mawe ya mtoni yaliyooshwa, na kandokando yake amepanda karanga. "Huyu ndiye Kabula," akasema.

Akawaeleza. Mwaka wa njaa, watu walipohama, mtoto alikuwa mgonjwa, habebeki. Mumewe alitangulia kutafuta maziwa, hakurudi, na mpaka leo haijulikani alikoishia. Yeye akabaki na mtoto. Siku ya mwisho mtoto aliomba maziwa, akampa maji, akamwambia ni maziwa. Alikuwa na miaka minne. Siku nane baadaye mvua ikanyesha, mto ukajaa, na majirani hawakurudi, lakini yeye angeondokaje? Angemwachia nani? Kila asubuhi humwamkia, kila jioni humuaga, na karanga zile ni kwa sababu alizipenda.

Mzee Shekuwe alikuwa analia waziwazi. Mzee Lutamla alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya mawe yale, akasema, "Mama, nisamehe. Nami nikwambie la kwangu, maana sikukwambia. Kwetu sotoka imemaliza ng'ombe wote. Maziwa hakuna. Huko kwetu sasa hivi wako akina Kabula wengi. Ndiyo nimekuja kuuza."

Mama Kabula akamgeukia. "Wako watoto wanakufa?"

"Wanakufa."

"Na ng'ombe hao wa huyu baba, wakitoka leo watafika lini?"

"Siku nne."

"Na wana maziwa?"

"Wana maziwa, mama," akasema Mzee Shekuwe. "Niliwachagua mwenyewe, wengi wana ndama."

Mama Kabula akakaa chini kwa nguvu, hapo kwenye karanga. Akawatazama kwa zamu, na sasa ndipo hasira ilipomtoka, lakini ilikuwa hasira ya mtu anayeumia. "Kumbe hili ndilo mlilokuwa mnalifanya. Na mimi niko hapa, hatua hamsini. Mtoto wangu alikufa kwa kukosa kikombe cha maziwa. Mlidhani ningekataa? Mngepiga hodi siku ya kwanza, mkakaa, mkaniambia kama mlivyoniambia sasa, ningewachimbia udongo siku hiyohiyo kwa mikono yangu. Siku tisa, baba zangu. Siku tisa mmeshikana vidole, na mbili nyingine mimi nimewafungia mlango kwa sababu sikujua. Ni wangapi waliokwenda katika siku hizo?"

Mzee Lutamla akainamia mawe yale. Alijua jibu lake, na alilichukua mpaka kaburini. Nyie watoto mnaona hodi ni neno la kupita nalo mlangoni. Mzee yule alijifunza uzito wake pale, akiwa mtu mzima mwenye mvi, na hakuna tena namna ya kuzirudisha zile siku.

Mzee Shekuwe akajifuta uso, akaagiza ng'ombe watoke palepale, kabla ya udongo, kabla ya chochote. Mbiu ikapigwa kutoka kilima hadi kilima, na wachungaji waliokuwa wanangoja mpakani wakaanza kuwaswaga kwenda Ulembwa. Haikuwahi kutokea mnunuzi atoe kabla hajapokea. Kisha akachukua shuka lake, akalitandaza juu ya magoti ya Mama Kabula, akaingiza mkono.

"Sasa tuseme bei na wewe," akasema.

Mwanamke hakuwahi kuwekwa chini ya shuka lile tangu nchi hizo ziwepo. Mama Kabula akaingiza mkono wake. Mzee Shekuwe akampa kidole kimoja. Mama Kabula akakikunja. Akampa viwili. Akavikunja vyote viwili, taratibu, akavirudisha kiganjani kwake. Akampa vitano, na mkono mzima, mpaka wafuasi wakaona shuka linatikisika. Kila alichopewa alikikunja akakirudisha. Mwisho Mzee Shekuwe akavunja sharti, akasema kwa mdomo.

"Mama, unataka nini?"

"Nibaki hapa na mwanangu. Walime watu wenu pande zote, sitawazuia, nitawapikia na uji. Ila nyumba hii na ua huu msinigusie. Na yeyote atakayeingia bonde hili, awe nani, aanzie kwangu, apige hodi. Nimechoka kukutwa hapa kama jiwe la shamba."

"Awe nani?"

"Awe nani."

Mzee Shekuwe alijua anayetajwa ni mfalme wake, na alijua mkataba alioagizwa ulisema bonde tupu. Kwa neno lile angeweza kupoteza cheo, na pengine zaidi ya cheo. Akaubana mkono ule chini ya shuka, na kubana ndiko kukubali. Mama Kabula akainuka, akaingia jikoni kwake, akatoka na bonge la udongo kutoka kati ya mafiga, lingali na joto. Alimpa Lutamla, Lutamla akampa Shekuwe. Ndivyo Sangweli ilivyouzwa.

Ng'ombe walifika Ulembwa siku ya nne. Mzee Lutamla alisimama zizini mwenyewe na fimbo, hakuna mtu mzima aliyeonja mpaka watoto wote walipopata, hata mfalme wake alingoja.

Huko Gendwa mfalme alipoambiwa lile sharti alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Nimetoa ng'ombe mia sita, Shekuwe. Nipige hodi kwenye bonde langu?"

"Bonde ni lako, mfalme. Nyumba ina mwenyewe."

"Na nikikataa?"

"Basi chukua kichwa changu, maana mimi ndiye niliyebana mkono."

Mfalme aliacha masika yapite, watu wake wakateremka milimani wakalima, mtama ukasimama. Ndipo akaja kuitazama nchi yake mpya. Alikuja na ngoma, na askari, na machela, na watu wamejipanga njiani wanapiga makofi. Mzee Shekuwe alitembea pembeni ya machela. Walipokaribia nyumba ile ya nyasi mfalme akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akashuka. Akatembea kwa miguu yake mpaka mlangoni, askari wakabaki nyuma.

"Hodi," akasema mfalme.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Askari wakaanza kunong'ona. Mzee Shekuwe alifumba macho.

"Hodi," akasema mara ya tatu, akangoja. Hakuna aliyemjibu. Na yule mtu, mwenye ng'ombe asiojua idadi yao, akageuka kuondoka kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu.

Alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili tatu aliposikia sauti inatoka nyuma ya nyumba, na miguu inakuja mbiombio.

"Karibu, karibu baba. Usiondoke, nisamehe. Nilikuwa huku nyuma, namwambia Kabula tumepata mgeni."

Mfalme alisimama pale, akimtazama mwanamke yule mwenye udongo magotini. Kisha akavua kilemba chake.

"Naye naweza kumsalimia?" akauliza.

Akapitishwa ndani mpaka uani, na inasemekana alikaa huko muda mrefu, hata askari wakachoka kusimama wakakaa chini. Alipotoka hakuuliza tena habari ya sharti. Alipewa uji, akanywa, akasema kwa sauti ili watu wake wote wasikie, wale wa Gendwa na wale wa Ulembwa waliokuja kutazama, maneno ambayo watu wa nchi zile mbili wameyasema tangu siku hiyo kila wanapouza na kununua, kila wanapooa na kuoza: hodi hutangulia bei.